Bwana Yangu wa Herufi H

Jumatatu, 4 Mei

Niko nachambua maharagi na kujipima. Herufi B. Bean, hiyo iko mu mukono. Bread. Bag. Bed. Bottle. Boy. Halafu nikakwama. Vijiwe vinaanguka mu sahani, neno haianguki. Nimefundisha shule ya primere mpaka pansheni, Kifaransa yangu hakuna mutu wa kuisahihisha, na leo nakwama ku B sawa mutoto mwenye anaanza shule.

Jana Mugisho alinishinda tena. Mujukuu yangu, miaka sita, mutoto wa Furaha, binti yangu wa mwisho. Wanaishi Australia, mimi hapa Bukavu. Kila siku ya Mungu, kisha misa, tunaonana ku simu. Kiswahili hajui. Kifaransa hajui. Mashi, luga ya kwetu, ndiyo usiseme. Kingereza tu. Ku shule yao mwalimu anawapa herufi moja kila juma, watoto wanatafuta maneno yenye kuanza na hiyo herufi. Mugisho akaleta ile mambo kwangu. Yeye neno, mimi neno. Mwenye kukosa anabweka sawa mbwa.

Nabweka kila siku ya Mungu. Jirani wa juu aliniuliza kama nimenunua mbwa.

Lakini mbele ya huu muchezo alikuwa anasema "Hello Koko", koko ni mimi bibi yake, anakimbia. Nabaki naangalia kiti. Sasa anakaa. Anakaa mpaka mama yake anamuita kula. Kwa hiyo nitabweka mpaka meno ziishe.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Matope mpaka ku magoti. Nilishuka hivyo hivyo mpaka Nyawera, ku duka ya Papa Salumu, muuza vitenge. Babu zake walitoka pwani, wakafanya biashara Uvira, halafu wakapanda huku. Yeye mwenyewe amezunguka Dar, Dubai, wapi na wapi. Anasema "mtoto" na mdomo wa kufunga, mimi nasema "mutoto", na kila siku ananicheka juu ya ile.

Nikamwambia anipime ku B. Akakunja kitenge, akakohoa sawa profesa. Business. Boss. Box. Best price. Nikamwambia Papa Salumu, mutoto ana miaka sita, hauzi kitu. Akasema, "Mama Benadeta, siku ukimshinda huyo mtoto, uje uchague kitenge hapa. Bure."

Alisema vile juu anajua haitawezekana. Iliniuma kidogo.

Alhamisi, 7 Mei

Umeme hakuna. Simu imekufa. Nimejipima nikipanda ngazi za Kadutu, neno moja kwa kila ngazi. Bucket. Banana. Back. Bone. Pumzi ikaisha mbele ya maneno. Nikakaa juu ya jiwe, wabeba mizigo wananipita. Mumoja akasema, "Pole, koko." Nilitaka kumuuliza neno ya B.

Jumapili, 10 Mei

Nimebweka. Alisema bubble. Sikujua ni nini. Akatoa mate ku mudomo, akapuliza, ikavimba na kupasuka. Aah. Povu.

Mukwe yangu Piter alipita nyuma yake na kikombe mu mukono. Nikageuza simu haraka kuelekea ukuta. Nilivyolelewa mimi kwetu Walungu, mama mukwe na mukwe hawaangaliani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mumoja anaingia mu majani. Furaha aliolewa na muzungu, sawa, ni mutu muzuri, nasikia. Lakini majani yangu bado iko. Miaka hii yote nimeona ya Piter sikio na bega tu. Mugisho analalamika: "Koko, wall!" Ndiyo, ukuta. Ngojea baba yako apite.

Juma ijayo ni H.

Jumanne, 12 Mei

H iko nzuri. H inanipenda. Hat. Hen. Hand. House. Hill, na hapa Bukavu milima haikosi. Hoe, ni jembe, nilikuta ku gazeti ya zamani ya misioni. Hot. Hungry. Papa Salumu ameleta hotel na half price. Hotel nimechukua.

Halafu nikamuuliza bwana wa mutu wanamuita namna gani mu Kingereza. Akaniambia: husband. Akaniangalia juu ya miwani. "Kwani kuna mtu?" Nikamwambia iko. Ana miaka sita, hana meno za mbele.

Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Ni ukweli lakini. Mujukuu mwanaume ni bwana ya koko wake, nani hajui hiyo? Na huyu wangu zaidi, juu ana jina ya marehemu. Mugisho mukubwa, bwana yangu, hakumuona. Alikufa mbele mutoto azaliwe. Furaha akapeleka jina kule ngambo, nikalia siku nzima. Tangu hapo, nikiwa peke yangu, namuita bwana yangu. Sijawahi kumuambia yeye, juu sikuwa na neno. Sasa neno iko. Na inaanza na H.

Nitaificha mpaka mwisho.

Ijumaa, 15 Mei

Niko nasema husband nikifagia. Husband nikiteka maji. Jirani wa juu anafikiri nimeanza kurukwa na akili.

Jumapili, 17 Mei

NIMESHINDA.

Nataka kuandika pole pole. Alianza na hippo. Mimi hen. Hospital. Mimi house. Happy. Mimi hoe. Akasema hakuna neno ile, nikaenda nyuma ya mulango, nikaleta jembe, nikamuonyesha mbele ya simu. Akakubali, akataka nimuonyeshe tena. Honey. Mimi hungry. Helicopter, mukora ule! Mimi hill. Halafu akashika kichwa. Akaangalia dari. Akaangalia viatu.

Nikangoja. Niliingoja ile dakika sawa mutu mwenye anangoja basi ku barabara.

"Husband," nikasema.

Akaniambia mu Kingereza yake: Koko, weye hauna husband. Nikamwambia: iko. Ni weye. Weye Mugisho, bwana yangu. Mimi napika maharagi, weye unaninunulia kitenge. Nilisema yote mu Kingereza, neno kwa neno, nilikuwa nimejifunza.

Akacheka mpaka akaanguka ku kiti. Akapanda tena. Akauliza, kweli? Kweli. Akauliza kitenge ni nini. Nikavuta nguo yangu, nikamuonyesha. Halafu akabweka. Eeh, alibweka vizuri yule mutoto, na mukia yenye hana akaitikisa.

Sijafurahi hivi tangu marehemu aniache.

Jumatatu, 18 Mei

Papa Salumu hakubishana. Nimechagua ya buluu yenye ndege za manjano. Nilitembea Nyawera yote nimeibeba juu ya bega ili watu waniulize. Hakuna mwenye aliuliza. Haizuru.

Alhamisi, 21 Mei

Furaha alipiga simu asubuhi. Alhamisi hapigi. Nilijua kuna kitu.

Mugisho alisimama mbele ya wenzake kusema maneno yake ya H. Kofia, kuku, jembe, yote. Mwisho akasema: husband, ni mimi. Niko bwana ya koko yangu wa Congo. Ananipikia, namununulia nguo.

Mwalimu hakucheka. Aliita wazazi. Furaha alikuwa ku kazi, Piter akaenda peke yake. Wakamuuliza huyu mumama ni nani. Kama mutoto anaongea naye peke yake ku simu. Anamuambiaka nini ingine. Kama kwetu watoto wanaolewa wakiwa wadogo. Hakuna mutu alikuwa amemuelezea Piter kitu. Alirudi nyumbani mwekundu, akasema apeli za simu zisimame.

"Maman, tungoje kwanza mambo ipoe," Furaha akasema.

Nikasema ndiyo. Ni hiyo tu nilisema. Ndiyo. Nikaweka simu chini, nikaenda kufua mapazia, na yalikuwa safi.

Ijumaa, 22 Mei

Niko na hasira. Kwa nani, sijui. Kwa mwalimu. Kwa Piter. Kwa herufi H.

Nimefua mapazia za chumba pia. Mvua ikanyesha juu yake. Vizuri, inyeshe.

Jumapili, 24 Mei

Misa sikusikia neno hata moja. Nilirudi mbio, nikachaji simu, nikaiweka ku meza penye iko kila mara, imesimama ku chupa ya asali. Nikavaa kitenge ya ndege. Juu ya nini? Nilijua haitalia. Nilikaa tu.

Saa yake ikapita. Nikageuza kiti. Nikageuza meza. Sasa saloni yote iko upande ingine na sioni penye nilifaidika.

Wanafikiri mimi ni mutu wa namna gani?

Jumanne, 26 Mei

Nilimuelezea Papa Salumu. Akacheka! Akapiga mikono, akasema, "Mama Benadeta, umepewa talaka!" Nikamwambia afunge mdomo wake wa kufunga. Nikamwambia kitenge yake mbaya, rangi inatoka. Rangi haitoki. Niliondoka, nikasahau mwavuli kwake, siwezi kurudi kuuchukua, nikalowa mpaka mu mifupa.

Sitarudi kule.

Alhamisi, 28 Mei

Nimepigia Furaha simu mimi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilimupandishia sauti tangu aolewe.

Nikamwambia: weye ulijua! Babu yako alikuwa anakuita nani? Si muke wake? Si alikuwa anashuka kutoka Walungu na muwa ku bega, anauliza ku mulango, muke wangu iko wapi, na weye unakimbia kumupikia matope mu kopo? Alikula ile matope na kusema iko na chumvi ya kutosha. Uliisahau? Kwa nini haukumuambia bwana yako?

Akasema, "Niliona haya, maman."

Haya ya nini? Ya babu yake? Ya mimi?

Akasema huku kwao kitu kikishasemwa mbele ya mwalimu inakuwa kitu ingine. Akasema Piter aliuliza, mama yako anamaanisha nini, na yeye akajibu sijui. Sijui! Alitoka ku kazi amechoka, miguu imevimba, aliogopa maneno marefu, akasema sijui. Halafu akaanza kulia. Nikabaki nimeshika simu. Nilitaka kumukasirikia zaidi na sikuweza. Iko peke yake kule, kati ya watu wawili, na mumoja ni mimi.

Nikamuuliza kama Mugisho ananiuliza.

"Kila siku anauliza wall inaisha lini," akasema.

Nikakata juu sikutaka asikie nalia.

Jumapili, 31 Mei

Siku ya Mungu ya pili bila yeye. Leo kitu imeniumiza kuliko zote: sijui ako ku herufi gani. Wanaweza kuwa ku M. Wanaweza kuwa ku T. Namna gani nijitayarishe?

Nikajipima zote. Apple mpaka zebra. Nikazunguka nyumba, nikatoka inje, nikapanda mpaka barabara, nikashuka. D, dog, door, dry, dust. Ndiyo, mvua imeanza kukatika, vumbi inakuja. Ku F nikakwama ku family. Nikasimama mu barabara sawa mutu amesahau kwake.

Ndege hazishuki tena ku uwanja yetu ya Kavumu. Kuja huku ni kupitia Kigali, halafu kuvuka muto Ruzizi na masanduku. Kina Furaha walisema watakuja mwaka ujao labda. Kama baba yake ananiogopa, hakuna mwaka ujao. Ni ile simu tu. Hiyo tu ndiyo niko nayo, na imefungwa.

Jumatatu, 1 Juni

Hakuna mutu mwenye atamuelezea Piter. Furaha hawezi. Mwalimu ndiyo hapana. Papa Salumu angeweza, lakini simuongeleshi.

Inabaki mimi. Mimi, uso kwa uso, na mukwe! Mama yangu angetoka mu kaburi anichape.

Jumanne, 2 Juni

Nilirudi kwa Papa Salumu. Nilisimama ku mulango ya duka. Alikuwa anakunja vitambaa, hakuniangalia. Mwavuli yangu ilikuwa imetundikwa ku musumari, imekauka, imefungwa vizuri.

"Herufi S," akasema.

Nikameza mate. "Sorry."

"Salumu," akajibu.

Nikamwambia majina ya watu hayahesabiwi. Akasema basi nimeshinda, nikae. Akaagiza chai.

Nikamuelezea penye mambo imefika. Akasema ataongea na Piter yeye mwenyewe, Kingereza yake inatosha, aliuzia Wahindi na Waarabu. Nilitaka kukubali. Mungu anajua nilitaka. Lakini mwanaume mwenye hamujui aje kumuambia kwamba mama mukwe yake si mutu mubaya? Angeogopa zaidi. Nikamwambia hapana, unipe maneno, mudomo iko yangu.

Akanipa. Custom, ni desturi. Respect. Name. Shame. Na jinsi ya kujitambulisha: mother-in-law. Maneno tatu kwa mutu mumoja! Hazianzi na herufi moja, hakuna mahali ya kuzishika. Zinanitoroka. Nimerudi nyumbani nazirudilia njia yote, na ku rond-point nikagongwa kidogo na moto, pikipiki ya taksi. Hakuna kitu, ni kiatu tu.

Kesho. Asubuhi kwetu, kwao magaribi. Furaha anakuwa ku kazi.

Jumatano, 3 Juni

Nimefanya.

Nilivaa kitenge ya ndege, nikafunga kichwa. Nikaweka simu ku chupa ya asali. Nikapiga.

Alijibu Piter mwenyewe, ku simu ya nyumba. Uso yote, mara moja. Miwani, ndevu nyekundu, macho ya mutu mwenye halali vizuri. Nikageuka. Sikupanga kugeuka, shingo iligeuka yenyewe. Nikaangalia ukuta, kalenda ya parokia, nikaanza kusema kwa ukuta.

Nilisema: mimi ni mother-in-law. Furaha hayupo, najua. Nataka weye.

Nilisema: bwana yangu alikufa. Jina yake Mugisho. Weye ulimupa mutoto yako ile jina. Aksanti. Sikuwahi kukushukuru.

Nilisema: kwetu, mutoto akibeba jina, mutu anarudi kidogo. Koko anamuita bwana. Anacheka naye. Mutoto anaanza kuwa mukubwa, anajifunza kuleta kuni, kuleta kitu ku nyumba. Ni desturi. Ni respect. Hakuna ubaya. Babu ya Furaha alimuita muke. Alikula matope yake.

Hapo nilisema eat mud, sijui alielewa nini.

Nilisema: mimi ni mwalimu. Nimelea watoto wa watu maisha yote. Mimi si mutu mubaya.

Maneno zikaisha. Nilitafuta ingine ku herufi zote, hakuna. Machozi ikaanza, nikaiacha itoke juu ukuta haisemi kitu.

Piter akaongea, pole pole, sawa mutu anaongea na mutu mwenye kuugua. Sikushika yote. Nilishika school. Nilishika afraid, aliogopa, juu mwalimu alikuwa anamuangalia na yeye hakujua kitu cha kujibu juu ya watu wa muke wake mwenyewe. Nilishika ashamed. Nilishika sorry, mara nyingi. Halafu akauliza kitu, akarudilia mpaka nikaelewa. Kwa nini unaangalia ukuta? Kwa nini kila mara nikipita unaangalia ukuta? Kumbe miaka hii yote alifikiri simupendi!

Mawee. Miaka hii yote.

Nikamuelezea. Mother-in-law, son-in-law, hawaangaliani. Shame, lakini nzuri. Respect. Wakikutana njiani mumoja anaingia mu majani.

Nikasikia kiti inakokotwa. Nikafikiri ameondoka. Nikageuza jicho moja tu, kidogo. Alikuwa amegeuza kiti yake. Amekaa upande, anaangalia ukuta yao, mikono ku magoti, sawa mutoto mwenye amepewa azabu. Sikio na bega. Na shingo nyekundu kabisa.

Tukaongea hivyo. Kila mutu na ukuta yake. Iliendelea vizuri sana.

Mwisho akauliza: basi kama Mugisho ni husband, mimi ni nani? Nikafikiri. Nilikuwa na zile maneno tatu za Papa Salumu, nikabadilisha ya mbele. Nikamwambia: baba wa bwana ni nani? Weye ni father-in-law. Weye ni baba mukwe yangu. Na baba mukwe pia siwezi kumuangalia!

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia kitu imeanguka, nafikiri kikombe. Nikacheka mimi pia, na machozi bado iko ku mudomo.

Hakuahidi kitu. Alisema ataongea na Furaha, halafu na mwalimu. Nilikata, nikalala ku kiti mu mchana, na viatu ku miguu.

Ijumaa, 5 Juni

Hakuna simu. Nimerudisha meza penye ilikuwa. Nimerudisha kiti. Nimekula kidogo.

Furaha ameandika mistari mbili ku simu: Piter alimuuliza juu ya matope mu kopo. Wameongea mpaka chakula ikaungua.

Sitaki kutumaini sana. Nimejipima ku alfabeti yote, pengine wataniambia ni herufi gani.

Jumapili, 7 Juni

Ililia saa yake.

Jua kali, hakuna wingu, vumbi ku madirisha. Nilijibu mara ya kwanza ile. Mugisho alikuwa amekaa karibu sana, naona jicho tu na pua. Ameota jino moja mbele. Akasema, K. Hakusalimia. K, Koko, uanze.

Hakuna mutu aliniambia ni K. Sikuwa tayari. Nikasema kitchen. Yeye king. Mimi kiss. Yeye kite, na akanionyesha na mikono namna inaruka. Mimi key. Akakwama. Akaangalia pembeni. Nikasikia sauti ya mwanaume inanongona kitu.

"Kitenge," akasema.

Akashuka ku kiti, akarudi na karatasi, kubwa sawa meza. Alikuwa ameipaka rangi yote, buluu, na juu yake vitu za manjano zenye mabawa. Alishika pembe moja. Pembe ingine ilishikwa na mukono mukubwa wenye nywele nyekundu, mukono tu, mwenyewe amegeukia ukuta.

"For my wife," Mugisho akasema. Ni ya muke wangu.

Kitenge si Kingereza. Mwalimu mwenye kazi yake angeikataa. Na nilikuwa na kick, nimeiweka tayari ku ulimi.

Nikaimeza. Nikabweka, mara mbili. Jirani wa juu akafunga dirisha.

Kisha wakaitwa kula. Nilibaki nimekaa kidogo, halafu nikaenda kuongeza maji ku maharagi.